Kupandisha katamarani ndogo kwenye ufuko wa mawe, upande wa Entebbe

Tanga_Bugonga: Salaam wote. Tuna Hobie 16 (katamarani, yaani chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili iliyounganishwa) na ufuko wetu hauna mchanga hata kidogo. Ni mawe mekundu yenye kingo kali, mengine makubwa kama jerikeni ya lita 20, na yaliyo majini yana utelezi. Kutoka majini hadi kwenye nyasi ni mita 14 hivi, mwinuko wa kadiri. Kila tukiburuta, mkuku (uti wa chini wa mtumbwi) unalika. Mtumbwi wa kulia tayari nyuzi za faibaglasi zinaonekana. Tuko watatu. Tununue magurudumu au tutengeneze njia? Na alasiri, upepo ukisukuma kuelekea nchi kavu, mnaingiaje bila kugonga?

NahodhaZiwani: Ndugu, acheni kuburuta kuanzia leo. Chombo hicho kikiwa kitupu kina kilo 145 hivi, na juu ya mawe uzito wote unakaa kwenye nukta mbili tatu za mkuku.

Nianze na kuingia, maana hapo ndipo vyombo vingi vinapoumia. Huku kaskazini mwa Ziwa Victoria, upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukija na tanga kubwa huna breki. Mita 60 kabla ya ufuko geuzeni omo (mbele ya chombo) kwenye upepo, mshushe tanga kubwa hapohapo. Henza (kamba ya kupandishia tanga) ya Hobie hushikwa na ndoana kileleni mwa mlingoti. Fanyeni mazoezi ya kuifungua mkiwa nchi kavu, kwa sababu ikikwama mawimbi hayawasubiri. Kisha tupeni nanga kutoka omo, inueni sukani zote mbili, mlegeze kamba taratibu ili chombo kirudi kinyumenyume. Omo inabaki kuelekea mawimbi, na mtu wa kamba anaweza kukisimamisha wakati wowote. Nanga ifungwe kamba ya pili yenye kiboya upande wa makucha, la sivyo itanasa kwenye mwamba na mtaikata.

Maji yakifika mapajani, wawili washuke, mmoja kila upande. Asibaki mtu juu ya turubai: mtu mmoja wa kilo 75 ni nusu ya uzito wa chombo chenyewe. Vaeni raba za kufunga kwa kamba. Gambuti hujaa maji zikakuangusha, na miguu mitupu ni kutafuta majeraha, mbali na kichocho.

Fundi_Faiba: Swali la magurudumu au njia: mnahitaji vyote viwili. Gurudumu la wilbaro ni jembamba, linazama katikati ya mawe mawili na kugoma. Tafuteni mapana, kipenyo cha sm 40 au zaidi, na msiyajaze upepo sana. Yakibonyea kidogo kwa kidole gumba ndiyo sawa.

Njia: mbao 4 za inchi 12 kwa 2, kila moja mita 4, ziwe mistari miwili. Pimeni katikati ya gurudumu hadi katikati ya gurudumu, ndio umbali wa mistari. Pigilieni vipande vya 2 kwa 2 kwenye kingo za nje ili gurudumu lisitoke. Chini yake wekeni magunia ya nailoni yenye mchanga, yajazwe NUSU tu. Gunia lililojaa hucheza juu ya jiwe kama mpira, la nusu hujimwaga kwenye pengo na ubao unatulia. Mkipita, mbao za nyuma zinahamia mbele.

Tezi (nyuma ya chombo) itangulie, sukani zikiwa zimevuliwa. Mahali pa ekseli (chuma kinachounganisha magurudumu) ndipo watu hukosea. Kwenye tambarare tafuteni msawazo, kisha sogezeni ekseli kidogo kuelekea omo ili tezi ibaki nzito mkononi, kama kilo 10. Mkipanda mwinuko uzito unarudi upande wa ziwa, kwa hiyo ongezeni sm 10 hadi 15 tena. Msipofanya hivyo omo itakita kwenye mawe ghafla.

Kwa watu watatu tumieni kapi za kuvuta tatu kwa moja (zinazoongeza nguvu yenu mara tatu) hadi kwenye mti. Kamba ifungwe kwenye boriti ya nyuma, pande zote mbili. Msifunge kwenye vyuma vya sukani. Mtu mmoja kazi yake iwe kabari tu, anafuata gurudumu. Tazameni juu pia: mlingoti ni alumini na nyaya za umeme zipo.

MwaloWaJuu: Nyongeza mbili. Wengine watawaambia mtandike matairi ya zamani. Tairi la gari dogo likikatwa linatoa waya wa chuma mwembamba kama sindano, nao unachana faibaglasi kuliko jiwe. Tumieni magunia tu.

Pili, msifikirie kumwaga zege. Mita 200 kutoka ziwani ni eneo linalolindwa, ujenzi unahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Tena maji hupanda: mwaka 2020 yalipita hata kiwango cha 1964.

Tanga_Bugonga: Asanteni sana. Huo mkuku unaoonyesha nyuzi, tunaweza kuurekebisha wenyewe?

Fundi_Faiba: Mnaweza. Toboeni tundu dogo mahali palipoloa, chombo kikae kivulini penye hewa hadi kikauke kabisa ndani, msikimbilie. Pigeni msasa namba 80, halafu tabaka 3 za kitambaa cha faibaglasi na epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya), la kwanza upana sm 4, la mwisho sm 8. Kwa unyevu wa huku, epoksi ikikauka huacha utando kama nta: osheni kwa maji na sponji KABLA ya msasa, vinginevyo mnausukumia ndani na rangi itabanduka. Juu malizieni kwa rangi, si jelikoti ya poliesta (tabaka la nje linalong'aa la chombo), haishiki vizuri juu ya epoksi.

NahodhaZiwani: Na usiku kisilale ukingoni. Dhoruba za ziwa hili hupenda kuja alfajiri. Kifikishwe kwenye nyasi, kifungwe pande zote mbili, vizibo vya nyuma vifunguliwe.