Ni biashara gani ya wachezaji iliyoigharimu TP Mazembe zaidi?

Mwana Kamalondo

Wakubwa zangu na ndugu wote wa Lubumbashi, nawasalimu. Jumapili tulibishana uani kwetu mpaka chai ikapoa: ni mchezaji yupi ambaye Mazembe, klabu yetu ya soka hapa Kongo, haikupaswa kumwachia? Mimi nilimtaja Mbwana Samatta. Alifunga katika mechi zote mbili za fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 dhidi ya USM Alger ya Algeria, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano kwa mabao 7, na Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Miezi michache baadaye Wydad ya Morocco ilitutoa, nasi tuliokuwa mabingwa tukateremkia Kombe la Shirikisho, mashindano ya ngazi ya pili Afrika. Je, kuna biashara mbaya kuliko hiyo?

Mama wa Katuba

Mdogo wangu, uchungu wako naufahamu, lakini ile haikuwa biashara mbaya. Mchezaji aliyetoka Simba mwaka 2011, akakaa kwetu karibu miaka mitano na kutuachia kombe, hakuwa na deni tena. Isitoshe, hilo Kombe la Shirikisho tulilichukua mwaka huohuo wa 2016, na tukalirudia 2017.

Ukitaka kumlilia aliyeondoka, mlilie mshambuliaji wetu Trésor Mputu, aliyekwenda Kabuscorp ya Angola mwaka 2014. Hata hivyo, bila yeye tulikuwa tumeshashinda, kwa maana mwaka 2010 alikuwa amefungiwa na FIFA siku tulipoifunga Espérance ya Tunis mabao 5 kwa 0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nilikuwepo pale uwanja wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, nimesimama juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na baada ya bao la tatu sikuona mpira tena, niliona mikono ya watu tu.

Yaya wa Ruashi

Kwa heshima zote, dada, ninyi wawili mnawahesabu waliotoka, ilhali hasara yetu kubwa kabisa iliingia. Mmemsahau beki Janvier Besala Bokungu.

Mwaka 2011 tulikuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na hakuna klabu iliyowahi kulichukua kombe hilo la mabingwa mara tatu mfululizo. Sisi wenyewe, enzi za jina la Englebert, tulilichukua 1967 na 1968, kisha tukashindwa na Ismaily katika fainali ya 1969. Nafasi ya kulisahihisha jambo lililowauma wazee wetu kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa mikononi mwetu. Tuliitoa Simba, tukaitoa na Wydad, ndipo Simba ikalalamika kwamba Bokungu hakustahili kuchezeshwa kwa kuwa mkataba wake na Espérance ulikuwa haujamalizika. CAF, shirikisho la soka Afrika, ikakubaliana nao, na mwezi wa tano tukafukuzwa mashindanoni bila kutolewa uwanjani na mtu.

Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Simba na Wydad zilichezeshwa Cairo kugombea nafasi yetu, Wydad ikashinda na kufika fainali, na kombe likachukuliwa na Espérance yenyewe, ileile tuliyoifunga 5 kwa 0 mbele ya macho yako, dada. Mchezaji ukimuuza, unapata fedha za kumtafuta mwingine. Sisi tulimchezesha mtu ambaye karatasi zake hazijakamilika, tukapoteza nafasi ambayo haijarudi hadi leo.

Mama wa Katuba

Yaya, hapo sina la kujibu. Nitaongeza tu kwamba mwaka 2016 Bokungu huyohuyo alisajiliwa na Simba.

Mwana Kamalondo

Basi namwondoa Samatta kwenye orodha yangu. Alitufikia mwaka uleule wa 2011 ambao mlango ulifungwa, na ilimbidi angoje hadi 2015 ndipo alishike kombe lile.