Kuongeza RAM kutasaidia gemu kwenye kompyuta ya zamani?

Kijivu_GB4:
Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-3470, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4 za aina ya DDR3 (kijiti kimoja), diski ya kawaida ya kuzunguka, na haina kadi ya michoro. Nacheza GTA V, nimeshusha kila kitu hadi chini. Nikitembea kwa miguu inakwenda. Nikipanda gari nikakimbia mjini, picha inaganda, inaachia, inaganda tena, na barabara inachelewa kutokea, najikuta naendesha juu ya kitu cha kijivu. Nikiongeza RAM hali hii itaisha au natupa hela?

FundiSloti:
Mkuu, huko kuganda na kuachia ndiko kunakonifanya niamini RAM itakusaidia. Ungesema fremu (idadi ya picha kwa sekunde) ziko chini muda wote, hata ukisimama unatazama ukuta, ningekuambia tafuta kadi ya michoro.

GTA V haipakii mji wote kwa mara moja. Inavuta vipande kutoka kwenye diski kadiri unavyosogea, na ukikimbia inavuta kwa pupa. RAM ikijaa, Windows nayo inaanza kuhamishia data zake kwenye diski hiyo hiyo. Kichwa cha diski kinakimbizwa huku na kule, gemu inasubiri, barabara haifiki. Halafu hizo GB 4 zako hazitimii: michoro iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakata humo humo. Watengenezaji wenyewe waliandika GB 4 kuwa kiwango cha chini na wakapendekeza 8.

Ila pima kwanza. Acha Task Manager wazi (kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha matumizi ya RAM, diski na prosesa), endesha gari kwa muda, kisha rudi uangalie. RAM ikiwa imegota na diski iko 100%, jibu umelipata. Prosesa ndiyo ikiwa imegota huku RAM ina nafasi, usinunue.

Na ukinunua, chukua kijiti cha pili cha GB 4. Usitoe hicho ukaweka kimoja cha 8. Prosesa yako inasoma RAM kwa njia mbili kwa pamoja, kijiti kimoja kila njia. DDR3-1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde kwenye njia moja, 25.6 kwenye mbili, na michoro ya ndani inakula humo humo. Fremu zinaweza kupanda kidogo, japo hiyo michoro ya ndani, HD Graphics 2500, ni dhaifu, usitegemee makubwa.

Mzee_wa_Fremu:
Mimi nilitoka GB 8 kwenda 16, gemu zile zile, kadi ile ile. Sikuona tofauti yoyote.

FundiSloti:
Na usingeiona mkuu. Gemu ikishapata nafasi inayoitaka, RAM ya ziada inakaa bure. Kutoka 4 kwenda 8 ni habari nyingine kabisa. Na kwa wengine wanaosoma hapa: kama Windows yenu ni ya biti 32, haivuki GB 4 hata mkijaza sloti zote. Mwenye mada hilo halimhusu, GTA V haikubali bila biti 64.

Kijivu_GB4:
Nimepima. RAM 96%, diski imeganda 100% kila nikiingia mjini, prosesa iko kwenye 60 hivi. Nina kijiti cha GB 2 kilichotoka kwenye kompyuta nyingine. Naweza kukichomeka wakati natafuta cha 4?

FundiSloti:
Kama ni DDR3 ya kompyuta ya mezani, chomeka. GB 2 zake zitaungana na 2 za kile kikubwa zifanye kazi kwa njia mbili, na 2 zitakazobaki zitatumia njia moja. Hakuna ubaya.

Angalia pengo dogo lililo kwenye ukingo wa kijiti: la DDR2 na la DDR4 yako mahali tofauti na la DDR3, kwa hiyo kijiti kikikataa kuingia usilazimishe. Sloti zikiwa nne, weka kwenye mbili za rangi moja. Chomoa waya wa umeme kwanza, kisha sukuma ncha zote mbili hadi vibanio vijifunge. Ikiwaka bila picha, mara nyingi kijiti hakijakaa sawa, kitoe, kirudishe.

Na huko sokoni ukikutana na RAM za seva za bei rahisi, zile za "registered", ziache. Bodi za prosesa kama yako haziziwashi.