MREJESHO: Cheni ya chensoo, tupa au grainda?

Wakuu habari zenu, niliwauliza kuhusu chensoo yangu (msumeno wa injini) inayovutia kulia ikikata na kutoa unga tu, ninoe cheni kwa tupa au kwa grainda (mashine ya kunolea). Nimeenda na tupa na kazi imekubali vizuri mno. Cheni yangu ni ya .325 (saizi ya cheni kwa inchi) so nikachukua tupa ya mviringo ya milimita 4.8, unailaza kwa pembe ya nyuzi 30, unasukuma kwenda mbele tu kutoka ndani ya jino kwenda nje, ukirudisha unainyanyua, halafu unamaliza meno ya upande mmoja yote ndo unageukia mengine.

Kule kuvutia upande kumbe meno ya upande mmoja yalikuwa marefu kuliko ya upande mwingine, aliyesema nipime urefu wa jino nashukuru sana mkuu, nikatafuta lile fupi kuliko yote nikayanoa mengine yote yapungue yalingane nalo na sasa inashuka imenyooka. Ila bado ilikuwa inakata kivivu mpaka nilipogusa vile vinundu vya mbele ya jino (vinavyoamua jino liingie kina gani kwenye mti) kwa tupa bapa, nimeviacha chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, hapo ndo vipande vikaanza kuruka vinene kabisa.

Grainda naiheshimu, kwa cheni iliyogonga jiwe inaokoa muda, ila ukikandamiza jino likageuka bluu ujue limeungua, makali hayakai tena. Asanteni sana.