Mjadala: Miaka miwili ya umisionari, kijana anapotea?

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba tulijadili hili bila kutukaniana dini. Hapa Ujiji jirani yangu amesema mbele ya watu kwamba dada yangu "amemtoa mwanawe sadaka". Kisa ni mpwa wangu: kamaliza kidato cha sita, badala ya kwenda chuo yuko Nairobi, mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi tumezoea kusema Wamormoni, ila tangu 2018 uongozi wao umeomba jina kamili litumike, nami naliheshimu.

Wavulana wanaruhusiwa kwenda wakiwa na miaka 18 (kabla ya 2012 ilikuwa 19), na wanatumika miezi 24. Wasichana ni miezi 18. Kijana hachagui pa kwenda wala mmisionari mwenzake wa kuishi na kuhubiri naye. Mshahara hakuna, familia inachangia, isipoweza inasaidiwa.

Jirani anauliza: huko si kumtumikisha mtoto? Mimi nakataa. Vijana wetu wanakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kule Bulombora, wanashika jembe, wanakimbia mchakamchaka alfajiri, na hatusemi wamepotea. Najua JKT kwa waliomaliza kidato cha sita ni miezi tu. Lakini kinachomkomaza kijana ni kilekile: kuwa mbali na mama, kuamka kwa saa, kuishi na mtu usiyemchagua.

Jumatatu moja nilikuwa kwa dada, Kibirizi, anageuza dagaa mchangani. Simu ya video ikaita. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaiegemeza simu kwenye dumu la mawese. Kijana huyo hapo: shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani. Mama hakuuliza habari za mahubiri. "Umekula nini, baba?" "Ugali na sukuma, mama, nimepika mwenyewe." Na huyu hapa nyumbani hakuwahi kubandika sufuria! Wanaruhusiwa kupiga kila wiki tangu Februari 2019. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka, na kwa hilo ningesimama upande wa jirani bila kusita.

Linaloniuma mimi ni jingine. Kwa wasichana kanisa linasema ni hiari, kwa wavulana linasema ni wajibu. Kijana wa miaka 18, chakula anakula kwa mama, kiongozi wake wa kanisa anamsubiri, ataanzaje kusema hapana? Kabla mpwa wangu hajaondoka nilikaa naye chini ya mwembe nikamuuliza mara tatu. Mara mbili alinijibu, "Mama amefurahi sana, mjomba." Mara ya tatu ndipo akasema, "Nataka kwenda." Hapo nikatoa nauli.

Nyie mliopeleka watoto, mliwauliza wenyewe, faraghani? Na yule aliyerudi baada ya miezi minne tu kwa kuugua au kushindwa, mlimpokeaje pale mlangoni?