Besiboli: Boston walishindwa vipi kumshika Betts?

NahodhaShela: Wenzangu, huku Lamu barazani twabishana, kahawa inapoa. Red Sox, timu ya Boston, walimwachia nyota wao Mookie Betts aende timu ya Dodgers, Los Angeles, 2020. Pesa hawana, ama ubahili?

BintiLangoni: Ubahili, kaka. Ligi yao haina kikomo cha mishahara. Timu ikipita kiwango yalipa kodi kwa ligi tu.

MzeeMkomani: Taratibu, mwanangu. Betts alibakisha msimu mmoja wa mkataba. Angeweza kuondoka bure. Dodgers wakampa miaka 12, dola milioni 365. Na Ohtani, nyota wao mwingine, je? Milioni 700, lakini 680 zalipwa kuanzia 2034. Deni la dukani hilo!

NahodhaShela: Shukrani, mzee. Mimi baharia wangu, yule wa kuning'inia ubaoni upepo ukikaza, alichukuliwa na wapinzani wiki moja kabla ya mashindano ya majahazi. Kwa elfu tatu. Ningekuwa nazo ningempa.