Kuandika malengo kunamsaidia mtu wa boda, au ni mambo ya watu wa mshahara?

JaKondele, Jumatatu, saa 4:10 usiku

Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa boda hapa Kisumu, steji yangu iko Kondele. Nina miaka 29, mke mmoja na msichana wa miaka 5. Nina swali, naomba msinicheke.

Januari kanisani tulikuwa na semina ya vijana. Mgeni alitoka Nairobi na suti yake, akatuambia asiyeandika malengo atazeeka akisukumwa na upepo. Tukapewa nusu saa. Nikaandika kumi. Daftari ninalo hapa mkononi: kununua ploti Mamboleo, kumjengea mama nyumba ya matofali kule Seme, kumiliki pikipiki tatu, kusomea umeme, kuacha soda, harusi ya kanisa, kwenda Qatar, akaunti ya mtoto, gari. La kumi niliandika tu "kumcha Mungu zaidi" kwa sababu muda ulikuwa unaisha na jirani yangu alikuwa ameshafika kumi na mbili.

Sasa ni Agosti. Jana nimelikuta daftari chini ya kitanda. Msichana wangu amechora samaki juu ya ploti ya Mamboleo. Katika yote kumi nimetimiza soda peke yake, na hiyo ni jino liliniamulia.

Msidhani mimi ni mvivu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko barabarani. Nabeba akina mama wa samaki kwenda soko la Kibuye, nabeba wagonjwa kwenda hospitali ya Russia, nabeba wanafunzi watatu kwa mpigo (najua, msinihubirie). Kufikia Mei nilikuwa nimeweka 7,400. Mtoto akashikwa na malaria, akalazwa siku nne. Zikaisha zote na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ikabaki inanidai. Tangu hapo sikutaka hata kuliona hilo daftari.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati: mtu anayekula anachopata leo, anaandika malengo ya nini?

Mkulima wa Busia, Jumatatu, saa 4:35 usiku

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe ndugu yangu una daftari bila mali, sijui hiyo wangeiitaje.

Mimi nilipanda miwa nikapiga hesabu ya miezi 18: nikivuna, naezeka mabati. Kiwanda, sitakitaja, kilikuja kukata miwa ikiwa na miezi 30, imekauka mpaka panya wanaikataa. Toka siku hiyo mpango wangu ni kuamka. Washia hilo daftari makaa.

Mama Cherehani, Jumanne, saa 12:20 asubuhi

JaKondele, nimeisoma orodha yako mara mbili nikinywa chai. Kabla sijasema kitu, nijibu. Hiyo pikipiki ni yako? Kama si yako, unampelekea mwenyewe ngapi kwa siku? Na mwaka huu umekosa kumpelekea mara ngapi?

JaKondele, Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Si yangu mama. Tageti ni 400 kila siku, Jumapili ndiyo yangu. Saa mbili usiku ananipigia, na kama sijatuma anapiga tena saa mbili na nusu. Mwaka huu nimekosa zile siku nne za hospitali na siku moja barabara ilifungwa na maandamano. Nyingine sikumbuki.

Mama Cherehani, Jumanne, saa 3:50 usiku

Nimefunga kibanda, sasa nina nafasi.

Mwanangu, umefikisha tageti tangu Januari ukikosa siku tano tu, halafu unatuambia malengo ni ya watu wa mshahara? Yule wa suti angekuita wewe ufundishe semina. Shida ni kwamba hiyo tageti ni ya mtu mwingine. Ya kwake ina kiasi, ina saa, na kuna sauti inauliza. Ya kwako imeandikwa "ploti Mamboleo", basi. Ploti ya ngapi? Lini? Nani atakupigia saa mbili usiku akuulize ploti iko wapi?

Mimi nashona hapa Nakuru, Bondeni. 2011 nilikuwa na cherehani ya kukodi, 50 kwa siku, nishone nisishone. Nikasikia mama mmoja anauza yake ya kukanyaga, nyeusi, ya zamani, 9,500. Nikamwomba anishikie hadi Januari, maana Januari shule zinafunguliwa na Nakuru nzima inatafuta sketi na tai. Nikatoboa kopo la Kimbo, nikaapa: kila sketi ya shule inayotoka mikononi mwangu, 50 inaingia humo kabla sijanunua hata kiberiti. Sikusema "nitaweka akiba". Nilisema sketi moja, 50. Ukishona tatu, unajua.

Sasa usidhani mambo yalienda sawa. Novemba baba watoto akaugua. Nikalifungua kopo na kisu cha jikoni, nikatoa 2,300, nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Halafu nikahesabu zilizobaki. Hapo ndipo naona wewe ulikosea. Wewe 7,400 ilipoisha ulitupa daftari chini ya kitanda. Mimi nilienda kwa yule mama nikamwambia Januari sitaweza, nipe mpaka Machi. Akanitukana kidogo, akakubali. Januari nilishona kwa cherehani ya kukodi, msimu ukanipita nikiuona kwa macho. Machi nikabeba yangu kwa mkokoteni kutoka Free Area, nikitembea kando yake nimeishika, kila shimo la barabara roho inaruka.

Na kuna kitu hawakukwambia semina. Lengo linakugombanisha na watu. Desemba ile dada zangu walishonesha sare za harusi, 1,500 kila mmoja. Nikasema sitavaa. Walininunia hadi Pasaka. Kabla ya kopo nisingeweza kukataa, kwa sababu sikuwa na jibu la "hiyo pesa una kazi nayo gani". Safari hii jibu nilikuwa nalo.

Kukosa nako msikuogope sana. Faith Kipyegon, huyu wetu wa Keringet, Juni 2025 alienda Paris akitafuta kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Mwanamke hajawahi. Kibandani tuliwasha simu tukamtazama, wateja na mafundi tumebanana, mtu ameniunguzia kitambaa na pasi. Akamaliza kwa 4:06.42. Alikosa kwa zaidi ya sekunde 6, na kwenye mbio hiyo ni mbali. Lakini rekodi yake mwenyewe ya dunia ilikuwa 4:07.64. Siku tisa baadaye, huko Eugene Marekani, akavunja rekodi yake ya mita 1500 kwa 3:48.68. Kile kitambaa nilikilipa, lakini sikujuta.

Swali langu la mwisho na ujibu ukweli. Jumapili hupeleki tageti. Ile 400 ya Jumapili huwa inaenda wapi?

JaKondele, Jumatano, saa 7:15 mchana

Mama, hilo swali limenikosesha usingizi. Jana usiku nimekaa na mke wangu tukaihesabu. Jumapili hii iliyopita nimeingiza 1,150. Petroli 300. Sadaka 50. Nyama nusu kilo na unga. Soda za watoto wa jirani (mimi maji). Halafu mpira, nimekaa pale wanapoonyesha, nikabeti 200. Halafu kuna karibu 250 ambazo mimi na mke wangu tumezitafuta mpaka saa tano usiku na hatujui zilikoenda. Mke wangu anasema anajua.

Siku sita nabeba watu hadi usiku ili 400 ifike. Siku ya saba ni yangu na sina hata ndururu.

Mkulima wa Busia, Jumatano, saa 7:40 mchana

Hizo 250 hata mimi nazijua.

Mwalimu Mstaafu, Luanda, Jumatano, saa 2:30 usiku

Mwanangu JaKondele, mama ameongea vizuri juu ya kiasi na siku. Mimi naomba niguse mahali pengine. Nisamehe nikiwa mrefu, mwalimu hastaafu mdomo.

Nilifundisha shule za msingi miaka 36 hapa Vihiga. Lengo langu kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa kuwa mwalimu mkuu. Niliandika, niliomba, nilihudhuria kila kozi. Nikaupata nikiwa na miaka 54. Ndani ya muhula mmoja nikagundua kwamba kazi yenyewe ni risiti za mahindi na kugombana na wazazi juu ya choo. Nilichokipenda ni chaki. Nilikuwa nimekimbilia kiti kwa sababu baba yangu alikuwa karani na alitaka mtoto wake aitwe mkuu wa kitu fulani. Kwa hiyo tarehe nilikuwa nayo, mpango nilikuwa nao, nikafika, na nikakuta si kwangu.

Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya bure kuanza, mimi nina darasa la 3 lenye watoto wanaokalia hadi madirishani, tukasikia redioni kwamba kule Eldoret mzee wa miaka 84, Kimani Maruge, ameingia darasa la kwanza. Tulicheka ofisini, nakiri. Lakini mzee yule alikuwa anataka kitu anachokijua: kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Wengi walimwona kama kichekesho na akaendelea kuvaa soksi ndefu na kaptula akaingia darasani.

Sasa irudie orodha yako. Ploti Mamboleo nadhani ni kwa sababu kila mtu Kisumu anasema Mamboleo. Qatar ni ya mtu mliyesoma naye. Gari ni la yule wa suti. Nimekuwa nikisahihisha madaftari maisha yangu yote, najua mstari ulionakiliwa na mstari wa mtoto mwenyewe. Kuna mmoja hapo katikati sidhani umenakili kwa mtu. Sitautaja.

JaKondele, Alhamisi, saa 12:05 asubuhi

Mwalimu wangu, ni umeme.

Nikiwa darasa la 7 nilitengeneza redio ya babu kwa kisu na waya wa mwavuli. Hapa Manyatta plagi ikiungua ni mimi wananiita, na nafanya bure, au kwa chapati. Baada ya kidato cha nne karo haikuwepo, nikapanda pikipiki "kwa muda". Muda umefika miaka 8.

Kuna fundi mmoja wa waya nambeba kila wiki. Jana nilimuuliza kwa kujikaza. Anasema anaweza kunichukua asubuhi mbili kwa wiki kwenye nyumba anazoweka waya, bila malipo pande zote. Nikishaiva, naenda kufanya mtihani wa gredi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, gredi ya tatu kwanza. Kituo chao kipo hapa hapa Kisumu, na hawaulizi kama ulikaa chuo, wanaangalia mikono yako. Ninahitaji ada, koleo, tesa ya kupimia umeme, bisibisi na mita nzuri.

Asubuhi mbili ni abiria nitakaowapoteza, mke wangu ameshaniuliza hilo. Tageti ya mwenye pikipiki haijui kama nilikuwa juu ya dari la mtu. Itabidi siku hizo nikae barabarani mpaka saa nne usiku. Sipendi, na yeye hapendi.

Ya Jumapili nimefanya hivi: 400 najihesabia kama vile mwenye pikipiki ni mimi. Jumapili 52 ni 20,800. Nimeandika kwenye ukurasa wa nyuma, wa mbele nimemwachia mtoto na samaki wake.

Mama Cherehani, Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Na akaunti uifunge mpaka tarehe fulani, usiache pesa ikae mahali mkono unafika. Mimi kopo langu lilihitaji kisu na bado nilikitafuta.

Usinitumie mimi hata shilingi, na mtu yeyote humu akikufuata pembeni akuambie akuwekee, huyo ni mwizi. Kazi yangu ni moja. Jumapili saa mbili usiku nitauliza hapa hapa.

Mkulima wa Busia, Alhamisi, saa 2:10 asubuhi

Mimi bado siamini. Lakini Jumapili nitapita kuangalia.

Mama Cherehani, Jumapili, saa 2:00 usiku

JaKondele.

JaKondele, Jumapili, saa 2:25 usiku

Niko, mama. Nilikuwa nambeba mtu Nyalenda.

Nimeweka 310. Mvua ilishika kuanzia saa nane, mpaka saa kumi na moja nilikuwa chini ya mabati pale Kibuye na wenzangu. Mpira sikuenda. Nilitaka kukopa 90 nijazie ili nikwambie 400, mke wangu akasema usimdanganye mtu ambaye hujawahi kumwona.

Mama Cherehani, Jumapili, saa 2:31 usiku

Mke wako nampenda. 310 nimeandika. Wiki ijayo ni 490, na kwa fundi je?

JaKondele, Jumapili, saa 2:40 usiku

Jumanne saa moja asubuhi, nyumba ya vyumba vitatu huko Kibos. Ameniambia nije na koleo yangu. Sina.

Mkulima wa Busia, Jumapili, saa 2:52 usiku

Mimi ninayo moja, ya marehemu kaka yangu, imekaa tu kwenye boksi. Kesho nina safari ya Kisumu kuchukua mbolea. Steji yako ni upande gani wa Kondele?