Tupeane uzoefu: pikipiki kuukuu unaijenga upya, halafu inagoma kuwaka

Mwenye uzi, Ngara
Wadau, nina Yamaha SR250 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ninayoigeuza kuwa kafe resa, ile staili ya pikipiki ya usukani mfupi iliyovuliwa mapambo. Fremu imetoka kupakwa rangi juzi, inang'aa hadi unajiona. Nabonyeza stata: tak. Nabonyeza tena: tak-tak-tak, na taa zinafifia. Haina kiki, kwa hivyo ni kusukuma, na majirani washachoka kutazama hiyo sinema. Kila fundi ananiambia nunua betri. Kabla sijatoa hela, nyinyi zenu ziliwagomea kwa sababu gani? Nataka yaliyokukuta mwenyewe, si ya kusikia.

Mtu wa Kariobangi
Betri iache kwanza. Mimi nashuku hiyo rangi. Honda CB yangu ilipakwa rangi ya unga ikachomwa kwenye oveni, na vijana wakapaka kila mahali, hadi pale boliti ya erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu, inapokaa. Rangi haipitishi umeme. Taa zitawaka kwa sababu zinakula kidogo, lakini stata ikidai ampea zake, njia hakuna, na taa zinazotegemea fremu hiyohiyo zinafifia. Ndiyo maana kila mtu anadhani ni betri.

Chukua mita ya kupimia umeme, iweke volti 20 za DC (umeme wa betri). Betri iliyopumzika isome karibu 12.6. Ikisoma 12.0 imekwisha, ichaji kabla ya kupima kingine chochote. Sasa mwenzako abonyeze stata, wewe macho kwenye mita. Ikianguka chini ya 9.6 hivi, basi mafundi wako wana haki, betri imechoka. Ikibaki 11 na ushee huku stata haizunguki, umeme upo ila haufiki.

Halafu kipimo ambacho wengi hawakifanyi: waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza stata. Ikizidi nusu volti, erthi ni mbovu. Yangu ilisoma karibu 3. Rudia upande wa chanya, kutoka betri hadi boliti ya stata. Hapo ukikuta karibu volti zote za betri, rilei ya stata, ile swichi inayoipelekea stata umeme, haifungi.

Piga msasa hadi chuma kiwe cheupe, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Mimi niliongeza kebo nene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye boliti ya injini. Kirinyaga Road utaipata.

Dada wa Rongai
Yangu haikutoa hata hiyo tak. Ni Suzuki GN125, niliinunua kwa mtu aliyetaka usukani uonekane mtupu. Aliitoa leva ya klachi ya kiwandani akaweka nyingine isiyo na swichi, na nyaya mbili za swichi nikazikuta ndani ya taa ya mbele, kila moja imezungushiwa tepu kivyake. Sasa pikipiki itajuaje umeshika klachi, ikubali stata? Mafundi walikuwa washaifungua stata wakasafisha brashi, wakalipwa. Ukikuta kimya kabisa, anzia usukanini: swichi ya klachi, ya nyutro, ya stendi, na ile nyekundu ya kuzimia. Nilirudisha leva yenye swichi. Kuna aliyenishauri niunganishe tu zile nyaya, nikakataa. Ikiwaka gia ikiwa ndani itaruka na wewe hadi barabarani.

Shingo Upande
Betri ndogo ya kuficha chini ya kitako: sahau. Niliwekewa ya 2.5Ah kwenye 250, asubuhi ya baridi ya Julai stata inageuka nusu inakwama. Rudi saizi ya kiwandani, tafuta pa kuificha baadaye.

Fundi Waya, Gikomba
Kwa wale ambao stata inazunguka ila cheche hakuna. Sikilizeni kuhusu ule waya mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye nduthi (pikipiki) za mtindo wa Honda CG zenye CDI, kile kisanduku cha elektroniki kinachoamuru cheche, isiyotegemea betri, huo ni waya wa kuzimia: ukigusa fremu, cheche zinakufa. Uchomoe, piga kiki. Ikiwaka, umeshampata mwizi. Lakini kwenye Honda CB za zamani za platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na koili za betri, waya wa rangi hiyohiyo ndio unaopeleka umeme kwenye koili. Ukiuchomoa umejizimia mwenyewe. Nimeletewa mashine ambazo mtu amechukua nyaya za boda ya Kichina akazipachika kwenye CB kwa kufananisha rangi tu. Na kinyume chake, ukipeleka volti 12 kwenye ule waya wa CDI, unaweza kuiunguza papo hapo.

Na nyinyi wa usukani mfupi: geuzeni usukani kulia na kushoto, injini ikiwaka. Ikizima upande mmoja, waya umebanwa pale shingoni mwa fremu.

Mla Vumbi
Yangu hugoma kila ikitoka kuoshwa kwa presha. Kofia ya plagi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mpya, mambo kwisha.

Mwenye uzi
Mrejesho. Betri 12.5, nikibonyeza stata 11.4. Kati ya ncha hasi na injini: 2.8! Nimepiga msasa, imewaka kwa mguso mmoja. Ila sasa nikipandisha mizunguko, betri inabaki 12.3, haipandi. Nifanyeje?

Mtu wa Kariobangi
Rektifaya, ile inayogeuza umeme wa alternata (jenereta ya injini) kuwa wa kuchaji betri, umeifunga wapi? Nyingi za zamani huchukua erthi kupitia mwili wake, na kama iko juu ya rangi mpya, msasa huohuo unakuhusu. Lengo ni volti 13.5 hadi 14.5 kwenye betri. Ikigoma bado, chomoa nyaya za alternata, upime volti za AC kati yake, na uangalie kama kuna unaogusa chuma. Weka majibu hapa kabla hujanunua chochote.